Kikohozi cha Nguruwe wa Mama Deki

Nguruwe wa Mama Deki walilala pasafi kuliko watu wengi. Hilo si kusifia, ni kusema kilichokuwepo. Banda lilikuwa na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo ili mkojo ukimbie wenyewe, ukuta umepakwa chokaa hadi usawa wa kiuno, na mlangoni pamewekwa beseni la maji ya dawa ambalo hata mumewe hakuruhusiwa kuliruka bila kuchovya miguu. Kila alfajiri mama huyu alikunja gauni, akavaa buti za mpira, akapiga deki banda zima kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Ndipo watu wakamwita Mama Deki, na majina ya watoto aliowazaa kwa uchungu yakasahaulika.

Usafi huo haukumdondokea kutoka mbinguni. Alipokuwa darasa la tano, kwao walifuga nguruwe wawili waliofungwa kamba nyuma ya jiko, na yeye ndiye aliyewalisha kabla ya kwenda shule. Siku moja msichana aliyekaa naye dawati moja akanyoosha mkono, akaomba ahamishwe. Mwalimu akauliza kwa nini. Msichana akajibu kwa sauti ya kufika hadi darasa la pili: "Ananuka kwao." Darasa likacheka, na mwalimu naye akageukia ubao ili meno yake yasionekane.

Mtu husahau hesabu za darasa la tano, lakini hasahau kitu kama hicho. Alimaliza la saba, akafanya kazi ya usafi kwenye ofisi moja kwa miaka tisa, akaolewa na fundi viatu asiyesema neno mpaka aulizwe, na alipofika kwa mumewe akamkuta mama mkwe anafuga nguruwe wa kufungwa kamba uwanjani nyuma. Akacheka peke yake. Nguruwe walikuwa wamemfuata hadi kwenye ndoa. "Haya," akawaambia, "mmenifuata, lakini safari hii mtanukia."

Mama mkwe alipofariki, akajenga banda. Ule uwanja ambao nguruwe walifungwa miaka yote akaufanya mahali pa kutupia samadi. Maji ya bafuni nayo yalimwagikia hukohuko. Haukupita muda udongo wa pale ukawa mweusi na laini, na ukichoma jembe mara moja tu unainua nyungunyungu wanene kama kamba za viatu vya jeshi.

Siku moja kinguruwe kimoja kilichoachishwa ziwa kikamponyoka mlangoni. Kilipita ndoo ya pumba kama hakikuiona, kikaenda moja kwa moja kwenye lundo la samadi, kikazamisha pua, kikaanza kula nyungunyungu kwa mlio wa mtu anayekunywa uji wa moto. Mama Deki alisimama na ufagio mkononi. Mwingine angekiswaga kirudi ndani. Yeye akapata wazo.

Tangu siku hiyo kila jioni alichimba nyungunyungu nusu kopo la rangi, akawasuuza kwa maji safi. Ndiyo, akawasuuza, maana kitu kichafu hakikuvuka beseni lake. Kisha akawamimina kihorini. Vinguruwe vilipigana vikumbo. Baada ya wiki tatu manyoya yao yaling'aa, au yeye aliyaona yanang'aa, kwani mtu akijitungia dawa yake mwenyewe, macho yake ndiyo huwa mashahidi wa kwanza.

Palikuwa na kikundi cha wanawake wanane waliofuga nguruwe mtaani hapo. Walikutana kila Jumamosi kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamu yake ilipofika, Mama Deki akawapanga wote nyuma ya banda kama wanafunzi mstarini, akainua kopo.

"Mnawaona hawa? Nyama ya bure hii! Kuku anakula, anatoa yai. Samaki anakula, ananenepa. Nyie nguruwe wenu mnawashindisha na majani, halafu mnashangaa mbavu zinahesabika!"

"Mimi hao siwashiki," akasema Mama Pacha, mdogo kuliko wote, aliyejiunga juzijuzi na kuamini kila alichoambiwa isipokuwa hilo. "Wananitia kinyaa."

"Kinyaa? Umezaa wawili kwa mpigo hukuona kinyaa, uje uogope kamba yenye uhai? Shika kijiko, mama, uchote!"

Wakacheka. Wifi yake Mama Deki alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Huyu alikuwa dada mkubwa wa fundi viatu, mjane mrefu mwenye maneno yake, na ndiye mwenye dume lililopanda majike yote ya kikundi. Dume hilo waliliita Bwana Harusi. Malipo yake yalikuwa kitoto kimoja katika kila uzao, na kwa vitoto hivyo wifi alikuwa amesomesha na kuezeka.

"Wifi," akasema, "mimi dume langu linakula pumba. Likila hao vitu likaenda ugenini tumbo linaunguruma, wakwe watanicheka."

"Dume lako halihitaji nyungunyungu, linahitaji likizo!"

Kikundi kizima kikaangua kicheko, na wifi ndiye aliyecheka kuliko wote. Ndivyo walivyokuwa hao wawili. Kukutana kwao ni kuchomana, na mchomo ule haukuwahi kuacha kidonda.

Wanawake sita walirudi makwao wakatafuta makopo. Wifi peke yake hakutafuta.

Miezi miwili baadaye kikaanza kikohozi. Asubuhi Mama Deki akifungua mlango, vinguruwe vinainuka, vinakimbia hatua chache, vinasimama ghafla, vinanyoosha shingo na kukohoa mfululizo hadi mgongo unapinda. Kisha vinameza na kuendelea na safari kama watu waliopaliwa tu. Chakula walikula, lakini hakikuonekana kilikokwenda. Migongo ikawa kama matuta, mikia ikalegea.

Mama Deki akapiga deki mara mbili kwa siku. Akabadilisha dawa ya beseni. Akamhamisha mumewe na viatu vyake upande wa pili wa nyumba, eti vumbi la ngozi. Fundi viatu akabeba kiti chake, nyundo yake na kopo lake la gundi, akahama. Kikohozi hakikuhama naye. Na kila jioni, ili wapate nguvu, mama akawaongezea nyungunyungu.

Sasa mtu aliyefagia mpaka ufagio ukabaki kijiti, akaona uchafu bado upo, atafanyaje? Atatazama kwa jirani. Mama Deki akakumbuka kuwa Bwana Harusi alikuja wiki chache nyuma kumpanda jike lake, na alipofika mlangoni alikohoa. Ni kweli alikohoa, mara moja, pumba ilipompanda puani. Lakini anayetafuta mwizi kwa hasira humkamata wa kwanza mwenye mfuko.

Jumamosi iliyofuata walikutana uani kwa Mama Pacha. Wanawake watatu wakasema kwao nako nguruwe wanakohoa. Mama Deki akakaa wima.

"Na majike yenu yalipandwa na nani?"

Wakatazamana.

"Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

"Uliza vizuri basi," wifi akasema.

"Haya, nasema. Bwana Harusi ana kifua. Anapita banda hadi banda anatugawia. Kwangu hakanyagi tena, na mwenye akili afanye hivyohivyo."

Wifi aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja. "Wifi, unalisema dume langu au unanisema mimi?"

"Nakisema kikohozi."

"Mbona hukuja nyumbani? Mlango wangu wa nyuma huujui siku hizi?"

"Jambo la kikundi linasemwa kikundini."

Mle ndani ya maneno hayo mlikuwa na utamu fulani, Mama Deki aliuonja mwenyewe. Ulikuwa utamu wa kuona mtu mwingine ndiye anayenuka na wewe umekaa pembeni, msafi, miguu imechovywa. Kwa mwezi na nusu uliofuata hakuna aliyemwita Bwana Harusi. Wanawake wakawa wanaswaga majike yao mwendo wa saa nzima kwenda kwenye dume la mtu mwingine. Wifi akaacha kuja Jumamosi, na fundi viatu akawa anapigilia misumari kwa nguvu kuliko viatu vilivyohitaji.

Ndipo Jumatatu moja kinguruwe kimoja cha Mama Deki kikafa. Akamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuwa kijana wa maneno machache na mkoba mkubwa. Alitandika gunia nyuma ya banda, fundi viatu akashika miguu ya mzoga, kisu kikapita. Daktari akatoa mapafu, akayageuza, akapasua kwa makasi kwenye ncha za chini, zile za upande wa nyuma, kisha akaminya. Katika povu zikatokeza nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea mashuka, ndefu kama kidole, zimesokotana ndani ya vijia vya hewa. Moja ilijinyonga. Mama Deki akarudi nyuma.

"Minyoo ya mapafu," daktari akasema. "Ndiyo hii inayowakohoza."

"Wameambukizwa na dume, sivyo daktari? Dume linalokohoa."

"Dume? Hapana. Huyu mnyoo harukii kwa nguruwe mwenzake hata walale kitanda kimoja. Yai lake linatoka na kinyesi, linaliwa na nyungunyungu, linaangulika na kukulia ndani ya nyungunyungu. Mpaka nguruwe amle huyo nyungunyungu ndipo anaupata ugonjwa. Na udongo uliowahi kufugiwa nguruwe unaweza kukaa na mayai hayo miaka." Akatazama sakafu, akatazama ukuta wenye chokaa. "Ndiyo maana nashangaa. Hii nimezoea kuiona kwa wanaoachia nguruwe wachimbechimbe ovyo. Wewe mama una saruji safi kuliko zahanati. Unawalisha nini?"

Kopo la rangi lilikuwa juu ya ukuta, hatua tatu kutoka kichwani pa daktari, lina udongo mbichi mdomoni. Mama Deki akasogea kidogo, akalikinga kwa mgongo wake.

"Pumba," akasema. "Na majani."

Fundi viatu, aliyekuwa bado ameshika mguu wa mzoga, akainua macho akamtazama mkewe. Hakuulizwa, hakusema.

"Basi labda walikuja na udongo wa kwenye majani," daktari akasema, lakini alisema kama mtu anayemaliza sentensi ya kumfariji mgonjwa. Akawadunga waliobaki sindano ya minyoo, akaagiza mapafu yafukiwe chini sana, akafunga mkoba, akaaga.

Mama Deki alibaki amesimama palepale, mgongo ukutani. Kichwani mwake mambo yalikuwa yanapangana yenyewe, hata bila ruhusa yake. Nguruwe wa mama mkwe walinyea uwanja ule miaka nenda miaka rudi. Yeye akaongeza samadi juu yake. Nyungunyungu wakala. Yeye akawachimba, akawaosha, akawapitisha juu ya ukuta wa chokaa na beseni la dawa, akawaweka kihorini kwa mkono wake. Ugonjwa haukuruka ukuta. Ulibebwa, umesuuzwa.

Na si kwake tu. Nyumba sita.

Fundi viatu alinawa mikono, akajifuta, akasema, "Dada yangu ana haki ya kuyasikia haya."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia! Kwani kuna moto?"

"Upo. Jumamosi daktari huyuhuyu anakwenda kumhasi Bwana Harusi."

Mama Deki akageuka kumtazama.

"Amechoka kulisha bwana harusi asiye na harusi," mumewe akaendelea, na kwake hiyo tayari ilikuwa hotuba. "Amhasi, akae miezi miwili harufu ya udume imtoke kwenye nyama, aende buchani. Mimi nilioa mdomo, sikatai, nilikuwa naujua. Sikujua utafika kwa dada yangu."

Dume likishahasiwa, hata ulililie machozi ya damu, halirudi kazini. Mama Deki alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na siku nne.

Jumanne alipiga deki. Jumatano alichukua kopo la rangi akalitumbukiza chooni, akamwaga majivu juu ya lundo la samadi mpaka likawa jeupe kama kaburi jipya, na alipomaliza akaona amefanya kazi ya mwizi anayefuta nyayo. Alijisikia vibaya, lakini vibaya vya mtu aliyejificha, si vya mtu aliyetubu. Hivi viwili havifanani. Cha kwanza humla mtu ndani kwa ndani.

Alhamisi akaenda kwa wifi, akapitia mlango wa nyuma. Wifi alikuwa anammwagia Bwana Harusi maji mgongoni, na dume limefumba macho kwa raha, halijui kuwa limepangiwa Jumamosi.

"Hodi."

"Karibu kwa wenye kifua."

Mama Deki akameza hilo. "Wifi, hili jambo la kuhasi, usiliharakishe."

"Kwa nini?"

"Nimesikia... watu wanasema kikohozi kinaweza kuwa kimetoka kwingine."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Wifi aliweka ndoo chini. "Aliyeniita wa kifua alikuwa na jina, na mdomo, na alikaa katikati ya ua watu wakimsikia. Hao wa kunisafisha ndio hawana majina? Wifi, unaniletea uvumi mzuri ukafute uvumi mbaya? Hata wewe hupigi deki namna hiyo."

Mama Deki alitazama kwato za dume.

"Jambo la kikundi linasemwa kikundini," wifi akasema. "Si ndivyo ulivyonifundisha? Jumamosi ni zamu yangu. Nimewaalika wote, waje waone kwa macho, roho zao zitulie. Chai ipo jikoni. Ukitaka kunywa, kunywa. Ukitaka kusema kitu, sema. Ukitaka vyote viwili, anza na kusema."

Hakunywa, hakusema. Alitoka na mlango uleule, na njiani alijitukana kwa majina ambayo hajawahi kumwita mtu mwingine, na alikuwa na majina mengi.

Ijumaa ndiyo iliyommaliza. Alikutana na Mama Pacha kwenye kona ya bomba, ameinama mtaroni na kijiko, kopo limejaa. Vinguruwe vyake vilikuwa vinne, vyote vinakohoa. Akainua uso unaong'aa kwa jasho.

"Mama Deki! Siku hizi kinyaa kimeniisha, unaona? Nawaongezea, wapate nguvu wapone. Si ndivyo ulivyosema?"

Hapo ndipo pa kusema. Barabara ilikuwa tupu, walikuwa wawili, binti yule angemsamehe palepale na kumshukuru juu yake. Mama Deki alifungua mdomo. Yakatoka haya: "Punguza kidogo."

"Nipunguze? Kiasi gani?"

"Kidogo tu," akasema, akaenda zake haraka, kama aliyesahau kitu jikoni.

Jumamosi uani kwa wifi palikuwa na watu kama msibani, ila wanacheka. Bwana Harusi alikuwa amefungwa kamba taya la juu, kamba imezungushwa kwenye nguzo, naye anapiga yowe la kupasua masikio. Bwana mifugo alikuwa amepanga vitu vyake juu ya kitambaa: sindano, iodini, kisu, beseni.

"Leo anaachwa na wake wote kwa siku moja!" akasema mmoja.

"Kama ni hivyo, na wanaume wengine tungewaleta foleni!"

Wifi hakucheka. Alisimama kichwani pa dume, mkono mmoja shingoni pake. Mama Deki aliingia nyuma ya mumewe, akasimama karibu na mlango. Daktari alimwona, akamwinamishia kichwa kwa heshima, na heshima ile ilimchoma kuliko tusi. Kisha akavuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

"Daktari, subiri," Mama Deki akasema. Hakuna aliyesikia. Dume lilikuwa linapiga yowe.

"Subiri!" Yowe likazidi. Daktari akapiga magoti. Mama Deki akapanua kifua na kupiga kelele kwa nguvu zake zote, "Si dume! Ni mimi niliyewalisha nyungunyungu wenye minyoo!"

Na katikati ya sentensi hiyo Bwana Harusi akanyamaza ili avute pumzi. Maneno yakadondoka kwenye ukimya, makubwa, yakasikika hadi kwa jirani. Mtu mmoja nje ya ukuta akauliza, "Nani kala minyoo?"

Hakuna aliyecheka. Daktari aliinuka taratibu, sindano mkononi.

"Nilikuuliza unawalisha nini."

"Nilikudanganya."

"Niliuliza nikiwa kwako, mzoga uko wazi."

"Kopo lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nilisimama nikalificha." Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini alijilazimisha iwafikie wote. "Wote mlionifuata, nguruwe wenu wanakohoa kwa sababu yangu. Minyoo inapitia kwa nyungunyungu. Bwana Harusi hana hatia. Anakula pumba. Wifi alisema, mimi nikamfanyia mzaha."

Mama Pacha alikuwa amesimama na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. "Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Jana ilikuwa Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jana nilikuonyesha kopo. Nikakuuliza. Ukaniambia punguza kidogo." Sauti ilimpanda, si kwa kilio, kwa hasira ya mtu asiyeizoea. "Kimoja kimekufa asubuhi hii. Nilikilisha jana, Mama Deki. Kidogo, kama ulivyosema."

Hapo ndipo Mama Deki alipojua kuwa aibu ya darasa la tano ilikuwa aibu ya kubebeshwa tu. Ile ilikuwa harufu ya nyumbani kwao, hakuitengeneza yeye. Hii aliitengeneza. Na hapakuwa na ubao wa kugeukia.

Wifi ndiye aliyefungua kamba, mwenyewe, fundo kwa fundo. Bwana Harusi akatikisa kichwa, akaenda kunusa kihori chake kana kwamba hakuna kilichotaka kutokea.

"Daktari, pole kwa safari ya bure," wifi akasema.

"Si ya bure. Nina nyumba sita za kudunga."

"Wifi." Mjane alikuwa anamwita Mama Deki, ila hajamgeukia bado. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Hapa umesema kwa kikundi. Wanaume wao wamesimuliwa, watoto wao wameimba barabarani kuwa dume langu lina kifua kikuu. Daktari anapita nyumba hadi nyumba sasa hivi. Ubebe beseni lake, na kila mlango useme."

"Na wewe wifi, utanisa..."

"Usiniulize leo. Leo ukiniuliza nitakujibu."

Basi wakaenda, daktari mbele na mkoba, Mama Deki nyuma na beseni. Fundi viatu akafuata kwa mbali kidogo, bila kuulizwa. Nyumba ya kwanza alieleza kwa urefu, akaweka na sababu: uhaba wa pumba, nia njema, kutojua. Mwenye nyumba, fundi magari mwenye mikono ya grisi, akamsikiliza akasema, "Kwa hiyo?" Nyumba ya pili akaacha nia njema. Nyumba ya tatu akaacha na kutojua, maana tangu Jumatatu alikuwa anajua. Ya nne palikuwa na bibi kizee asiyesikia vizuri, akalazimika kusema mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, watoto wa jirani wakiwa wamepanda ukutani. Kufika nyumba ya tano yalikuwa yamebaki maneno machache: "Ni mimi niliyewafundisha kulisha nyungunyungu. Ndio wenye ugonjwa. Dume la wifi yangu nililisingizia." Kisha anaingia bandani, na buti zake au bila buti, anamkamata nguruwe mguu wa nyuma, anamshikilia mpaka sindano ipite.

Njiani mwanamke mmoja alimkimbilia wifi aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akiwatazama wakipita. "Dada, jike langu litakuwa tayari wiki ijayo, vipi, Bwana Harusi..."

"Mtaomba," wifi akasema. "Tena kwa adabu."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Pacha. Banda lake lilikuwa la mbao chakavu, sakafu ya udongo, na mzoga umefunikwa kiroba pembeni. Aliwaacha waingie bila karibu. Mama Deki akasimama, akasema maneno yake, ingawa binti alikwisha kuyasikia, kwa sababu mumewe alikuwa amekaa kizingitini na hakuwa ameyasikia. Mume akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akatazama kando, kama mtu anayemstahi mzee aliyevaa nguo nyuma mbele.

Mama Pacha alichukua kopo lake, akalimwaga katikati ya ua. Kuku wakaja mbio.

"Hao kuku hawataugua?" akauliza.

"Minyoo hii ni ya nguruwe," daktari akasema. "Ila ujenge sakafu ngumu. Na usiwarudishe pale mtaroni."

"Sasa hawa watatu niwalishe nini?"

Alimwuliza daktari, lakini macho, kwa mazoea, yalikuwa yameelekea kwa Mama Deki. Daktari naye akamtazama, labda kwa kumpima. Hata mume kizingitini akageuka. Kulikuwa na majibu. Alikuwa nayo matano, alikuwa nayo siku zote.

"Sijui," Mama Deki akasema. "Mwulize daktari."

Akainama, akakishika kinguruwe cha kwanza mguu, mkono mwingine kifuani. Kilikohoa, kifua chake chembamba kikigonga kwenye kiganja chake, kikakohoa tena, naye akakishikilia, uso ameuinamisha, mpaka daktari alipomaliza kueleza.